Kompyuta, Taja Jina Lako

Kabla ya kujenga programu, skripti huihoji kompyuta kama afisa uhamiaji: prosesa gani, mfumo upi? Majibu yake sasa! Chipu ileile ya ARM hujiita aarch64 kwenye Linux. Ikihamia macOS, inakuwa arm64. Debian huandika amd64 hata prosesa ikiwa ya Intel (sijui wenyewe Intel wanalimeza vipi jina la mshindani wao AMD). Windows ya biti 64, ukiiuliza kupitia Python, inajibu “win32” bila haya. Naye config.guess, skripti mkongwe wa kazi hii, asipomjua mtengenezaji wa mashine huandika “unknown” na safari ikaendelea. Fundi, usiishie kuuliza jina. Jaribu kwanza kama mashine inaiweza kazi unayotaka kuipa.