Ufagio Uliozima Saa

Kishikwambi changu kilianza kugoma msimu wa kuvuna vitunguu saumu. Ni kimoja cha vile vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Agosti 2022, ambavyo serikali iliwagawia walimu baada ya kazi ile. Hapa kwetu Bashay, wilayani Mbulu, kimekuwa cha nyumba nzima. Mimi naandalia masomo na kujaza alama za wanafunzi, watoto wanatazama katuni, na mume wangu anapokelea ujumbe wa wanunuzi wa mazao, maana yeye anatembea na kitochi.

Jioni moja alama za darasa la nne hazikutaka kufunguka. Shemeji yangu akasogea. Alikuwa amepanda kutoka Katesh, kwa njia ya Dareda na Dongobesh, kuja kutusaidia mavuno, na si mtu wa kuona kitu kibovu akakiacha.

“Shemeji, hiki kimejaa takataka. Nipe nikisafishe.”

Akapakua programu ya kusafisha memori. Ikaomba ruhusa moja baada ya nyingine, naye akakubali zote. Kwenye kioo likatokea duara la kijani, ufagio mdogo ukapita, kisha maandishi: MB 640 zimeachwa huru. Kikawa chepesi kweli, kwa dakika chache, halafu kikarudi vilevile. Akabonyeza tena. Tangu hapo kila baada ya chakula cha usiku watoto waligombania nani abonyeze ufagio.

Mnunuzi wa Arusha alikuwa ameahidi gari la alfajiri, saa angetujulisha. Magunia yalipangwa mlangoni, nyumba nzima inanuka saumu mpaka sare za shule. Mume wangu akatega kengele ya saa kumi kwenye kishikwambi, kitochi chake kikiwa kimeisha chaji. Ufagio ukapitishwa kama kawaida, tukalala.

Tuliamshwa na jua. Kengele haikulia. Nilipofungua WhatsApp, ujumbe ukamiminika kwa mkupuo: gari litapita saa kumi na moja, nimefika barabarani, mko wapi, naondoka. Chini yake kulikuwa na sauti ya mama mkwe kutoka Katesh, ya tangu usiku, akiuliza mbona hatumjibu.

Hiyo sauti ndiyo iliyoniumiza kuliko magunia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Tangu siku ile, mvua ikinyesha upande wa Hanang, mama hutuma neno usiku, nasi humjibu hata kama tumelala. Usiku ule alikaa macho akitusubiri.

Mume wangu alilaumu mtandao kwanza. Kisha akamgeukia mdogo wake, maneno yakawa makali, chai ikapoa mezani. Shemeji naye, kwa nia njema kabisa, akakichukua kishikwambi akapitisha ufagio tena.

Jibu nililipata shuleni, kwa mwalimu mwenzangu anayesimamia TEHAMA. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua ukurasa wa WhatsApp, akanionyesha kitufe cha kuisimamisha programu kwa lazima. Kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Akafungua ukurasa wa Saa: kimefifia vilevile. Maana yake zilikuwa zimeshasimamishwa. Programu ikisimamishwa hivyo, kengele zilizotegwa ndani yake hufutwa, na ujumbe haukufikii mpaka uifungue mwenyewe kwa mkono.

Alinieleza jambo ambalo natamani kila mwenye kishikwambi alisikie. Android haihitaji mtu wa kuisafishia RAM. Programu ulizotoka huachwa humo kwa makusudi ili zirudi upesi ukizihitaji, na nafasi ikibana mfumo wenyewe huondoa zile zisizo na kazi, ukiilinda ile unayoitazama. Anayezizima zote kila jioni ni kama mpishi anayemwaga makaa kila anapoepua chungu, kisha anaanza kutafuta kiberiti. Programu zikianzishwa upya hula chaji na muda zaidi, na ile ya kusafisha nayo inakaa ndani ya RAM hiyohiyo ikijitangaza.

Waliotengeneza Android wameliona hili zamani. Toleo la 2.2 la mwaka 2010 liliwapunguzia wasafishaji hawa nguvu, na toleo la 14 la mwaka 2023 likafunga zaidi: programu ya kawaida sasa inaweza kuzima shughuli zake tu za nyuma ya pazia, si za wenzake. Ndiyo maana nyingine huomba ruhusa ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu mwingine. Ukiitoa, programu inaweza kusoma yaliyo kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Kwenye kishikwambi hicho ninafungua mambo ya benki! Tuliifuta ruhusa palepale, kisha tukaing'oa programu yenyewe.

Uzito ulikuwa na chanzo kingine. Hifadhi ilikuwa imebakiza chini ya GB 1, kwa kuwa kila picha na video ya makundi ya WhatsApp ilikuwa inajipakua yenyewe. Tulizima upakuaji huo, tukaondoa michezo isiyochezwa, tukakizima na kukiwasha. Alama za darasa la nne zikafunguka.

Nyumbani nilieleza yote shemeji akiwepo, kwa sauti ya kawaida, na mume wangu akamwomba radhi mdogo wake kwa maneno ya asubuhi. Shemeji akauliza jambo moja tu: “Na ile niliyomwekea mama?”

Aliondoka kwa basi la kwanza. Jioni mama akapiga, hana furaha. Ufagio ameukubali utoke, lakini huyu kijana sasa anataka kumfutia video za kwaya na za harusi ya binti yake, eti hifadhi imejaa.

“Mama, hizo asizifute,” mume wangu akamwambia. “Namtumia hela anunue kadi ya memori, azihamishie humo.”

“Ya harusi ihamishwe ya kwanza,” akasema mama, “na mimi nikiwa nimekaa hapo naangalia.”