Sifa za Fulana ya Kampeni

Hapa Tanzania tumeimba sifa za mlima, za mwenge, za ng'ombe, na hata za barabara ambazo lami yake bado iko kwenye hotuba. Fulana ya kampeni haijaimbiwa na yeyote. Tumeivaa, tumeifua, tumeifutia pikipiki, basi. Dhuluma hiyo nataka kuiondoa leo, na naomba ifahamike kwamba sijapewa nauli na chama chochote.

Tazameni kwanza inavyokuja. Kila baada ya miaka mitano, kuanzia Agosti, Fuso huingia kijijini na marobota. Maji hayajafika, nguzo za umeme zimelala kando ya njia, zahanati ina mganga mmoja ambaye naye amekwenda semina, fulana imefika. Haimuulizi mtu kitambulisho wala haimwambii arudi kesho. Imeshonwa kwa kipimo cha mtu aliyeshiba, kwa hiyo humpwaya mwananchi wa kawaida mpaka mapajani, lakini hilo ni kosa la mwananchi. Mwaka 2015 Chama cha Mapinduzi (CCM) kiliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Fulana za mwaka ule nimeziona kila nilikopita. Kijiji kilichozipokea hizo milioni 50 sijabahatika kukutana nacho. Katika siasa zetu, ni nani mwingine anayetimiza ahadi kabla hajapigiwa kura?

Nasaba yake pia si ya kubezwa. Mwaka 2000 Bunge liliingiza takrima katika sheria ya uchaguzi: mgombea akitoa kitu kwa nia njema, kwa ukarimu wa mila zetu, asihesabiwe kuwa ametoa rushwa. Ulikuwa ukarimu wa ajabu, uliowashika wagombea kwa miezi miwili tu katika kila miezi sitini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba takrima inavunja Katiba, kwa kuwa mgombea maskini hana cha kumkirimu mtu. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Pilau haikuacha kupikwa, iliacha kutajwa. Fulana ndiyo iliyoendelea kutembea mchana kweupe, kifua mbele, maana yenyewe si zawadi, ni tangazo, na tangazo halina kosa kwa kuwa lina mikono.

Lakini sifa inayonifanya niivulie kofia (nayo ni ya kampeni) ni msimamo wake. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana kisa ni kirefu. Septemba 2007, Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema, chama cha upinzani, alisoma hadharani orodha ya watu aliowaita mafisadi. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, huku akikana kosa. Mwaka 2011 CCM ikatangaza kwamba inajivua gamba, na Chadema, kwa utani wao, wakawaalika watu wavue gamba wavae gwanda, vazi la Chadema. Julai 2015 Lowassa akaitikia mwaliko. Akawa mgombea urais wa chama kile kile kilichokuwa kimemsoma jukwaani, na walioshangilia orodha wakamshangilia yeye, koo zile zile. Dk. Slaa akajitoa kwa hasira. Miaka miwili baadaye Rais John Magufuli wa CCM akamteua kuwa balozi. Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mstaafu mwingine, alikwenda upinzani mwaka ule ule wa 2015. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Februari 2020 Sumaye naye akarudi.

Katika msafara wote huo wa kwenda na kurudi, fulana haikuhama. Iliyotoka kiwandani ikidai mabadiliko iliendelea kudai mabadiliko, hata baada ya mwenye sura kubadilika mara mbili. Na wakati viongozi wakipishana mlangoni, kukazuka kati yao ugonjwa mpya, wa kuunga mkono juhudi za Rais. Wabunge na madiwani wa upinzani walikuwa wanalala wapinzani na kuamka wameona juhudi. Wengine walijiuzulu ubunge, wakapokewa upande wa pili, wakasimamishwa kugombea jimbo lile lile walilolikimbia, na uchaguzi mdogo ukalipiwa na muuza nyanya. Ndiyo maana yapo majimbo ambako sura moja ina fulana za rangi mbili. Mwenye nyumba huvaa ya kwanza shambani na ya pili kwenye ngoma, na anayeijua siasa ya pale hamuulizi kitu.

Sasa tuingie kwenye utumishi wake kwa umma. Mheshimiwa akishaapishwa Dodoma, jimboni haonekani. Fulana yake haina likizo. Inachanganya zege na fundi mwashi, inapanda mkaa juu ya baiskeli, inakaanga chapati kwa mama ntilie. Nimeona uso wa mgombea, wenye tabasamu na meno yote, ukiwa juu ya mti wa msalaba katikati ya shamba la mpunga, unafukuza ndege kwa bidii ambayo sijawahi kuiona bungeni. Uzeeni inakuwa dekio. Na kwa kazi zote hizo haijawahi kudai posho ya kikao. Mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba posho hiyo inapanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, wananchi walielezwa kwamba maisha Dodoma yamekuwa magumu. Fulana ilisikia habari hiyo ikiwa kwenye beseni la sabuni, ikanyamaza.

Wenzetu wa mjini, wenye viyoyozi, humwona aliyeivaa wakasema: huyu ameuza kura yake kwa kitambaa. Hawamjui. Huyu bwana alichukua ya kijani Jumamosi, ya upinzani Jumapili, na kama chama cha tatu kingekuwa na mafuta ya kufika angechukua na ya kwao. Amesikia ahadi ya daraja tangu mtoto wake wa kwanza hajazaliwa, na leo mtoto huyo anavuka mto ule ule kwa mtumbwi akiwa na mkewe. Ukimuuliza atampa nani kura, atakujibu, "Wote walewale," kisha atakuuliza kama una nyingine ya mikono mirefu. Hajanunuliwa. Amekusanya deni lake kwa njia iliyobaki. Mwaka 2005 waliojiandikisha walijitokeza kupiga kura kwa zaidi ya asilimia 72; mwaka 2010 hawakufika asilimia 43. Sikumbuki fulana kupungua. Yaani mamilioni ya watu walivaa, wakacheza, wakapanda malori kwenda mkutanoni, na siku ya siku wakakaa nyumbani. Wachambuzi walitoa sababu nyingi, na baadhi walisema wananchi hawana mwamko. Mimi naona walikuwa wameamka mapema kuliko wachambuzi.

Wapo pia wanaoilaumu kwamba ni nyepesi na inachuja. Ni kweli ukiinyoosha juani unamwona jirani upande wa pili. Lakini huo ni uwazi, na uwazi tumeuimba miaka yote. Kuchuja nako kuna utaratibu: kwanza inaondoka kauli mbiu, halafu jina, na mwisho uso, kama alivyoondoka mwenyewe. Lawama ya kwamba imeagizwa nje wakati imeandikwa viwanda kifuani naikubali kidogo, kwa sababu wakulima wa Simiyu na Shinyanga wanalima pamba na sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa ghafi. Mkulima huiuza kwa bei ya kulalamikia, halafu huipata tena bure ikiwa na picha ya mtu anayemwahidi bei nzuri. Kosa hilo si la fulana. Yenyewe ilipelekwa na kurudishwa bila kuulizwa.

Uchaguzi ujao upo, na wazabuni watapewa kazi. Kwa niaba ya watumiaji nina maombi machache. Kitambaa kiwe kizito, maana miaka mitano ni mingi na mtu ana fulana mbili. Kola iongezewe mshono. Saizi za watoto zifikiriwe, kwa kuwa wao ndio watakaovuka mto. Mgongoni, mahali ambapo sasa huandikwa "Tupo pamoja", iandikwe ahadi yenyewe kwa maneno kamili, pamoja na tarehe, kwa wino usiotoka hata ukiufua kwa jiki. Na kama wino wa namna hiyo utakuwa ghali, wapunguze pilau.