Sifa za Mdai Risiti

Kiongozi wa mashtaka anaweza kumfungisha mwizi wa ng'ombe asubuhi pale Maua, akapongezwa na polisi na kushikwa mkono na jamaa za mlalamishi, kisha alasiri akawa amesimama mbele ya meza ya mhasibu mwandamizi, mikono nyuma, akieleza lita ishirini za petroli zilikwenda wapi. Asubuhi alikuwa Jamhuri. Alasiri ni mshukiwa. Huyu anayemhoji, miwani imemteremka puani na stepla iko mkononi, ndiye ninayetaka kumsifu leo. Namsifu bila kuombwa, bila posho na bila masurufu, kwa hiyo hana la kunidai.

Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ilipewa uhuru wake na Katiba ya 2010. Kifungu cha 157 kinasema Mkurugenzi hahitaji idhini ya mtu wala mamlaka yoyote kuanzisha kesi ya jinai, na wala haelekezwi na yeyote. Maneno mazito. Walioyaandika, nadhani, hawakuwahi kuomba mafuta ya gari siku ya Ijumaa saa kumi. Uhuru huo wa kikatiba hutembea kifua mbele mpaka kwenye mlango wa uhasibu, na hapo huambiwa ujaze fomu.

Ndani ya mlango huo sheria zote zimepinduliwa. Kifungu cha 50 kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mhasibu, umepokea masurufu, basi umeyala. Na kama hukuyala, leta ushahidi. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za 2015 zinampa aliyerudi safarini siku 7 za kazi ayatolee hesabu masurufu yake. Zikipita, pesa zote hukatwa kwenye mshahara, tena pamoja na riba kwa kiwango cha Benki Kuu. Nitajieni mahakama nyingine katika Kenya inayosikiliza kesi, kutoa hukumu na kutekeleza adhabu kabla mwezi haujaisha. Kwingine faili huahirishwa mpaka hakimu akahamishwa, karani akastaafu na shahidi akasahau rangi ya shati. Hapa hakuna kuahirisha, hakuna dhamana, na ukikata rufaa utamkuta aliye juu yake akiuliza swali lile lile. Hata Njuri Ncheke, wazee wanaosuluhisha mambo ya Wameru tangu kabla ya mkoloni, wakimtoza mtu faini ya mbuzi au fahali kuna nyama ya kuliwa baadaye. Mhasibu hali na wewe. Akila na wewe, ataulizwa nani alilipa.

Shahidi anayemwamini ni mmoja tu: risiti. Viongozi wa mashtaka wanajua taabu ya mashahidi wenye damu na nyama. Mmoja amehongwa, mwingine amepatana na mshtakiwa nyumbani mbele ya wazee, wa tatu amehamia Isiolo na simu yake haipatikani. Risiti haihongwi, haina haya, haina shemeji. Ina udhaifu mmoja. Ile karatasi inayotoka kwenye mashine ya kituo cha mafuta huchapwa kwa joto wala si kwa wino, na jua huifuta. Isahau juu ya dashibodi ya gari la GK, gari lishinde wiki nzima likienda Marimanti na kurudi, na shahidi wako atakuwa amekana kila kitu: karatasi tupu, nyeupe, haikumbuki lita wala shilingi. Mhasibu mwandamizi aliliona hilo mapema. Ndiyo maana hutaka risiti pamoja na nakala yake, nakala iwe na muhuri, muhuri uwe na tarehe, tarehe ilingane na daftari la safari la gari, daftari liwe na sahihi ya dereva, na dereva, Mungu amsaidie, awe hakuwa likizoni siku hiyo.

Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na kwa miaka mingi karatasi za watu wa Meru, Isiolo na hata Moyale zilisafiri mpaka huko kutafuta sahihi. Nyingine zilirudi kwa kukosa muhuri. Huenda ndiyo sababu sehemu hizi zina heshima ya pekee kwa watu wa mafaili. Lakini barabara yenyewe ya kutoka Meru kwenda Embu ni kama ilichorwa kumkomoa mhasibu. Inashuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, Nithi na Thuci ikiwemo, na kila penye mteremko kuna mtu anakuuzia kitu bila karatasi: ndizi Nkubu, mahindi ya kuchoma Chogoria, chai na mandazi Chuka, parachichi Runyenjes. Siku hizi serikali inataka ankara za eTIMS, zinazoonekana na Mamlaka ya Ushuru papo hapo. Mwambie hayo mama wa ndizi, naye atakuuliza kama unanunua au hununui.

Mazungumzo yafuatayo yana matoleo mengi, na kila mfanyakazi wa serikali ana la kwake.

“Wakili, hii karatasi ya fundi wa pancha imeandikwa kwa mkono.”

“Madam, alikuwa chini ya mti pale Ishiara. Hana mashine.”

“Ana jina?”

“Walikuwa wanamwita Baba Njeru.”

“Na PIN ya KRA ya Baba Njeru?”

Hapo mtu aliyewahi kumtoa daktari wa serikali jasho kizimbani kwa maswali ya saa mbili hukosa swali. Anatia mkono mfukoni, anatoa mia tatu zake mwenyewe, na Jamhuri ya Kenya inakuwa imezibiwa pancha bure.

Msidhani mhasibu anastarehe. Cheo chake kikitajwa kanisani watu hugeuka, lakini ofisini kuna ngazi za wahasibu juu yake, na juu ya hizo yupo mwenye sahihi inayohesabika. Alisomea mitihani ya KASNEB usiku baada ya kazi, na jina lake linaanza na CPA hata kwenye kadi za harusi. Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya kazi yake ni kungoja. Pesa hutoka Hazina ya Taifa baada ya Msimamizi wa Bajeti kukubali, zikapita makao makuu Nairobi, ndipo itoke idhini ya matumizi, ile ambayo kila mtu huiita AIE, na katika serikali yetu idhini ina desturi ya kufika wakati shughuli iliyoombewa imeshasahauliwa. Halafu unaingia Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na pesa zisizotumika zinarudi zilikotoka. Waliolala tangu Oktoba wote huamka siku moja na vocha mkononi. Mtandao wa Ifmis, unaopitisha malipo ya serikali, unazidiwa kwa kuwa nchi nzima imeukalia. Mhasibu halali nyumbani, anakunywa chai ya thamosi saa sita usiku, na kila anayempigia simu humwanzia kwa kumsalimia kwa upole ambao hakuuonyesha mwaka mzima.

Katika kungoja huko pesa za nauli za mashahidi, nyanya fulani wa Tharaka aliyeibiwa mbuzi amekwenda mahakamani kwa nauli yake mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, mara ya tatu hakuwa nayo. Kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa ikiwa mlalamishi hakufika. Mshtakiwa anakwenda nyumbani kwa amani. Hesabu zimelingana hadi senti.

Wahasibu wakikutana kwenye semina hawakosi kumtaja Al Capone, jambazi wa Chicago ambaye bunduki za polisi hazikumweza, akaja kuhukumiwa miaka 11 jela mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, kazi ya watu wa leja. Ni mfano mzuri, ila umechoka, na sisi tuna wa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni ya fidia, asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi iliyodai kuuza ng'ambo. Madini hayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Karatasi zilikuwapo. Fomu zilijazwa, mihuri iligongwa, sahihi zikatiwa, na wakubwa wakaridhika. Aliyeshtuka ni David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu aliyeona malipo hayo yakipita mezani kwake. Alizitoa karatasi nje na nchi ikajua. Mwaka 1993 alikamatwa, akafutwa kazi, na alifariki mwaka 2006 bila kurudishiwa kiti chake.

Nimelifikiria sana jambo hilo la karatasi zilizokamilika. Anayepoteza risiti kwa kawaida ni mtu mwaminifu aliyechoka. Mwizi hapotezi. Faili lake lina ankara, hati ya kupokea bidhaa, kumbukumbu za kamati ya ukaguzi, picha ya kisima na watoto wakichota maji. Kisima tu ndicho hakipo. Mhasibu wa serikali aliyeiva katika kazi hulijua hilo. Faili lenye kasoro humkera, lakini faili lisilo na kasoro hata moja humtia baridi. Afanyeje? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija ataulizia kilichokosekana, na katika faili hilo hakuna kilichokosekana. Analipitisha, anashusha pumzi, kisha anarudi kwa Baba Njeru wa Ishiara kwa ari mpya.

Wala kazi hiyo ya kumsumbua wakili haipotei bure. Kesi za ufisadi zinazochunguzwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi mara nyingi humleta kizimbani mtu wa fedha wa kaunti fulani, naye Kifungu cha 226 cha Katiba kinamfuata hata akiwa ameacha kazi: aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara. Kiongozi wa mashtaka anayesimama kumhoji hakufundishwa vocha katika chuo cha sheria. Alifundishwa kwa kurudishwa mlangoni. Anajua kuuliza tarehe ya muhuri, sahihi ya dereva, na dereva alikuwa wapi siku hiyo. Mshtakiwa huyo angefahamu maswali yametoka kwenye chumba gani, angemtumia mhasibu salamu za chuki.

Mhasibu hustaafu akiwa na miaka 60, akarudi kwao Runyenjes au Nkubu, na huko ndiko utaona anavyothaminiwa. Chama cha ushirika cha kahawa hakimchagui kuwa mweka hazina. Wagombeaji wameshaulizana habari zake. Lakini msiba ukitokea, kamati ya mazishi humpa daftari hata kabla ya kumpa kiti. Ataandika mia mbili za jirani kwa jina kamili na muda wa ujumbe wa M-Pesa. Atamuuliza mwenye makaa kwa nini gunia la tatu ni jepesi. Na siku yenyewe, jeneza liko mbele na mchungaji anatazama saa, atasimama kusoma zilizoingia, zilizotoka na baki ya kumkabidhi mjane. Wazee wametulia, mvua inanyemelea kutoka mlimani, na kuna shilingi arobaini ambazo bado hazijapata maelezo. Kijana aliyetumwa majani chai anatafutwa.