Kilemba cha Madungu

Dungu, kwa asiyelima, ni ule ulingo wa miti anaokaa mtu juu yake kulinda mpunga usiliwe na ndege. Sisemi kwamba mtaa wetu wa Madungu, hapa Chake Chake, ulipata jina kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba ukija kutafuta nyumba ya bei nafuu, ujue umeshaonekana tangu ulipoteremka garini.

Jambo la kwanza: usitafute nyumba. Kosa hili hufanywa na walimu na maofisa wanaohamishiwa Pemba. Mtu hajafuta jasho, anauliza dukani, "Kuna nyumba ya kukodi?" Anajibiwa, "Hakuna," na wala hakudanganywa. Nyumba ya kukodi kweli hakuna. Kilichopo ni nyumba ya shemeji yake Bi Fulani aliyeko Maskati, funguo anazo mjomba, na mjomba yuko shamba. Hiyo haikodishwi. Hiyo "anakaa mtu". Kazi yako ni kuwa huyo mtu.

Wapemba hujuana kwa vilemba, na weye kichwa wazi. Kwa hiyo nenda barazani baada ya Laasiri, toa salamu, kaa, kunywa kahawa. Zungumza mpira, bei ya dagaa, mvua. Nyumba usiitaje. Siku ya nne au ya tano mzee mmoja atakuuliza, "Kwani maalim unakaa wapi?" Usichangamke. Jibu kwa unyonge, "Nipo nipo tu, kwa watu," kisha urudi kwenye dagaa. Neno litafika linakotakiwa kabla ya Isha.

Kesho yake utaitwa kwa bi mkubwa mwenye nyumba. Shikamoo yako itapimwa, viatu vyako vitatazamwa umevivulia wapi, halafu litakuja swali lenyewe: "Mwanangu, weye mtoto wa nani?" Hapa wasomi wengi huanguka, kwa kutaja cheo. Bi mkubwa hakuuliza mshahara, ameuliza babu. Kama una bibi mzaa bibi aliyetokea Ole, Kiuyu au Kojani, mtoe hata kama hukumwona. Bibi mmoja wa Kiuyu hupunguza kodi kuliko kulipa mwaka mzima taslimu. Mwenzangu mmoja wa Bara, asiye na hata kaburi moja kisiwani, aliokolewa na shemeji yake aliyewahi kuuza duka Tanga, mlango wa pili na Mpemba. Mpemba yule akajulikana ni nani, na nyumba ikapatikana. Barua ya sheha wa ulikotoka nayo uwe nayo, ila usiitoe mapema ukaonekana mtu wa kesi.

Kipo na kilemba cha pili. Mpangaji anayekupisha, hasa kama ni mlango wa duka, aweza kukudai kilemba: fedha isiyo kodi, isiyo na risiti, ambayo mwenye nyumba haijui au anajifanya haijui. Usione ajabu. Mumbai nako hulipwa, na wao huiita pagdi, ambayo kwa lugha yao ni kilemba hichohicho. Bahari ya Hindi nzima imekubaliana kwamba anayetoka lazima afungwe nguo kichwani, na nguo anunue anayeingia.

Sasa fleti. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume iliamua kuwatoa watu mabandani na kuwapandisha ghorofani. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia kule Unguja, Kikwajuni na Kilimani, kisha Michenzani, na mtindo ukavuka bahari mpaka huku. Nyumba za maendeleo, ndivyo tuziitavyo hadi leo. Wajerumani wale walihesabu saruji, wakahesabu nondo. Kinu hawakukihesabu. Ukioneshwa fleti saa nne asubuhi utaiona tulivu kama msikiti. Rudi jioni, wakati ghorofa ya juu wanatwanga, ndipo useme unaitaka.

Maji usiulize kama yapo. Yapo, kila kitu kipo. Uliza yanapanda mpaka ghorofa ya ngapi, na saa ngapi, kisha uzipande ngazi zile na dumu la lita 20, limejaa. Mwenye nyumba akikwambia ngazi ni mazoezi, mtazame yeye anakaa wapi. Chini.

Lakini nafuu ya kweli, na hili nalitoa bure, ni nyumba inayosubiri karafuu. Mwenyewe aliianza msimu mzuri, kuta zikapanda, bati likapigwa. Mwaka uliofuata mikarafuu ikagoma, kama ilivyo desturi yake. Madirisha yamezibwa kwa mbao, nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa ya pili, na kodi yake hata mwalimu anaimudu. Tatizo ni moja. Karafuu ikikubali, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikalipa, madirisha yanakuja, vigae vinakuja, na kodi mpya inakuja nyuma yake. Ndiyo maana mpangaji wa nyumba ya namna hii ni mtu pekee Pemba nzima anayeutazama mkarafuu uliozaa vizuri akasikitika.

Umeme hauna shida sana tangu waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, 2010. Shida ni mita. Tukuza moja, ile mita ya kulipia kabla, hutumiwa na milango mitatu, na kila mlango una imani kwamba anayemaliza uniti ni jirani. Mwenye pasi ndiye mtuhumiwa. Nunua pasi ya mkaa, uiweke dirishani ionekane.

Siku ya kuhamia, tanguliza mkeka, ndoo na godoro la sufi, tena mchana, mbele ya baraza, wahesabu vizuri. Wakiona umaskini wako, kodi itatulia. Friji lisubiri mpaka watu waingie Isha, libebwe na vijana wawili wasiokohoa, lifunikwe shuka.

Siku ya tatu bi mkubwa atapiga hodi, mkononi ana vifuko vya maji ya ukwaju vilivyofungwa vizuri. "Mwanangu," atasema, "nigandishie."