Mheshimiwa Nozeli

Kwenye printa ya kujiundia nyumbani, ile inayochapa vitu kwa plastiki, wageni husifu mota na fremu. Si haki. Mkubwa wa mle ndani ni kijipande cha shaba ya manjano chenye tundu la milimita 0.4 la kupitishia plastiki iliyoyeyuka, ambacho kikianguka sakafuni watu wazima watatambaa kukitafuta. Huyo ndiye Mheshimiwa Nozeli.

Ukoo wake si wa kubezwa. Mwaka 2005 Adrian Bowyer, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha RepRap, mradi wa printa itakayochapa vipuri vya printa mwenzake. Mwaka 2008 ile iliyoitwa Darwin ikazaa: vipande vya plastiki vya mtoto vyote vilichapwa na mzazi. Nozeli akakataa kuchapwa. Plastiki ya ABS huyeyushwa kwa nyuzi 230 hivi. Mdomo wa plastiki ungejimeza wenyewe. Basi mashine iliyotamani kujitosheleza ikaenda kumpigia magoti fundi wa kukereza vyuma.

Na kumvika kulikuwa ibada. Watumishi wake wa enzi hizo walimtoboa kwa biti ya nusu milimita, ambayo hukatika ukiitazama vibaya, na ikikatika ncha hubaki humo humo. Wakamzungushia waya wa nikromu, mzunguko usiguse mzunguko, wakaukandika saruji ya tanuri. Saruji ikipasuka, anza upya. Siku hizi hukaa kwenye kipande cha alumini chenye hita ya kuchomeka, nasi wavivu tumepumua kidogo.

Kidogo tu, kwa maana ni mkali kuhusu kukazwa. Mwenye pupa humkaza mpaka akutane na alumini, akajipongeza. Kumbe juu, ndani ya alumini, kuna kijibomba kinachoshuka kumpokea, na hicho ndicho anachotaka kubanana nacho. Kati yake na alumini pabaki mwanya unaoonekana kwa macho. Tena akazwe akiwa wa moto, koleo limeshika alumini, spana imemshika yeye, kwani metali hutanuka kwa joto. Ukimkaza wa baridi hatakugombeza. Atakunyamazia, kisha plastiki itapenya polepole kwenye skrubu, ichuruzike, iwe kahawia, iwe nyeusi, hadi hita, waya na alumini viwe donge moja. Ukarimu ulioje: gundi hiyo hukuinunua!

Mlinzi wake ni themista, kijishanga cha kioo kinachopima joto lake. Kikichomoka, programu husoma ubaridi na kuongeza moto. Isiyo na kinga ya kuzima hita huendelea kuongeza tu. Nani mwingine nyumbani hukeshewa hivyo, wazazi macho makavu, ndoo ya mchanga pembeni? Na kama koo lake lina tefloni, likipashwa kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege. Kasuku ahamie kwa jirani.

Hata kuziba kwake Mheshimiwa kuna utamu. Msukumie uzi wa nailoni akiwa wa moto, mwache apoe hadi nyuzi 90 hivi, halafu vuta kwa nguvu zote. Nailoni hutoka imechongeka sawasawa na tumbo lake, na kwenye ncha, ukibahatika, punje nyeusi ya plastiki iliyoungua. Usipoiona, washa hita tena, na mwambie mwenye zamu ya jikoni chakula kitachelewa.