Aliyefika Salama Hana Jogoo

Kijiweni kwetu Kihonda, Morogoro, hapo penye kahawa na kashata, tuna mashindano ya kuandika visa vya safari. Hayana mdhamini, hayana fulana wala mgeni rasmi. Anayetaka kushiriki anachangia kidogo, fedha inanunua jogoo wa kienyeji, na jogoo anakwenda kwa mwenye kisa kizuri kuliko vyote. Karatasi ni moja ya daftari, mbele na nyuma. Kazi yangu ni kuzisoma kwa sauti, maana wenyewe wakisoma huongeza mambo ambayo hayakuandikwa. Hakimu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa huu na kuichapa nusu iliyobaki.

Sharti lake kubwa ni kwamba kisa kiwe cha kweli. Msione ni jepesi. Barabara ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na ukimsikiliza mtu wa Morogoro, hakuna aliyewahi kupita pale asikutane na simba. Simba kalala katikati ya lami. Simba kamkazia macho dereva, dereva kaloana. Mashindano yalipoanza karibu kila karatasi ilikuwa na simba, na mmoja wetu alikuwa na simba wa Chalinze. Mwalimu akapiga marufuku mnyama yeyote asiye na shahidi, na shahidi asiwe ndugu. Tena tiketi iambatanishwe.

Fundi seremala wetu alipinga. Mwalimu hupenda kutupigia mfano wa Selim bin Abakari, aliyesimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, ikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokusanya Carl Velten. "Sasa Mwalimu," fundi akauliza, "huyo kule Siberia alishuhudiwa na nani? Na tiketi yake unayo?" Mwalimu akanywa kahawa yake taratibu, akasema Selim hakugombea jogoo.

Akaongeza kwamba hata Ibn Battuta angekatwa alama. Yule bwana alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, lakini masimulizi yake yakaja kuandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, yeye akisema na mwingine akishika kalamu. Tena ameandika kwamba Mogadishu mtu mmoja alikuwa akila chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Mwalimu akatuuliza, hilo nalo tulipokee? Bibi anayetuuzia maandazi akadakia kutoka kwenye karai lake: "Mimi nalipokea, Mwalimu. Kaa hapa asubuhi moja tu uwaone wateja wangu."

Kisa changu mwenyewe kilianguka kwa sharti hilohilo la tiketi, na mpaka leo naona nilidhulumiwa. Nilikuwa natoka Dar kwa basi, nimejikalia dirishani. Pale Mbezi akapanda mama mmoja, begi mgongoni, ndoo mkono huu, mtoto mkono ule. "Kaka yangu, nishikie huyu kidogo niweke mzigo." Ni nani angekataa? Nikampokea. Mama akaweka mzigo, akapita, akaenda zake nyuma kabisa kwenye siti yake, na kufika Kibaha alikuwa amelala fofofo.

Kuanzia hapo basi zima likawa linanifundisha malezi. "Baba, mfunike kichwa, upepo huo." "Baba, huyo ana njaa." "Mpakate vizuri, shingo!" Konda alipopita kukagua akatutazama wote wawili, akasema tumefanana mno. Mtoto meno ndiyo kwanza yanachomoza, kwa hiyo kila kilicho karibu kilikwenda mdomoni: kifungo cha shati, kamba ya saa, kidole changu. Mwishowe akaichomoa tiketi mfukoni mwangu. Alianzia kwenye nauli. Akaja kwenye jina langu, akalimaliza herufi kwa herufi, na nilipofanikiwa kumpokonya kilikuwa kimebaki kipande chenye tarehe, nacho kimelowa. Msamvu mama yake akaja, amechangamka, usingizi umemkubali. "Asante kaka. Hajakusumbua?"

Nikayaandika yote hayo. Mwalimu akanyoosha mkono apewe tiketi. Nikamweleza kwamba kielelezo kimeliwa. Akauliza mlaji yuko wapi. Basi karatasi yangu ikasomwa kama burudani, bila alama.

Bibi wa maandazi naye aliandikiwa na mjukuu wake kisa cha Ziwa Tanganyika, enzi meli ya Liemba ingali na safari zake. Kwenye vijiji visivyo na gati meli ilikuwa inasimama majini, mitumbwi na maboti yanaifuata, na hapo ndipo unashuka, wewe, mzigo wako na mbuzi wa jirani, huku watu wa maboti wanakugombea kana kwamba ni mahari. Bibi alikuwa na godoro jipya la sponji, limefungwa nailoni. Yeye akapokelewa na boti moja, godoro likarushwa kwa boti nyingine, halikufika kokote. Likaelea. Likaanza safari yake kuelekea Kongo. Vijana wa boti ya tatu wakalifuata, wakalivuta, wakarudi nalo wakidai ada ya uokoaji, na bibi akajikuta analinunua godoro lake mwenyewe mara ya pili, limelowa.

Mwalimu akaguna: godoro lielee kiasi hicho? Bibi akamgeukia na mwiko wa kukaangia mkononi. "Meli yenyewe ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande kwenye makasha, ikaungwa Kigoma. Vita vilipowashinda mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaja wakaiibua mwaka 1924, na nimeipanda mimi. Meli ya chuma unakubali imetoka chini ya ziwa, godoro unalikatalia kukaa juu?" Mwalimu akaandika: ushahidi umepokelewa. Bibi hakupata jogoo siku hiyo, ila Mwalimu hakulipia maandazi. Sikuelewa nani alimhonga nani.

Kinachotutesa siku hizi ni treni ya umeme. Tangu ilipoanza Juni 2024, Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili. Unakaa, unatazama mashamba ya mkonge, unashuka. Hakuna kuchimba dawa, choo kimo ndani. Hakuna anayekupandishia kuku miguuni, hakuna muuza dawa ya minyoo anayesimama Kibaha na kuhutubia mpaka Mdaula. Kwa nchi ni neema, sina ubishi. Kwa kijiwe ni ukame. Kijana mmoja wa bodaboda aliamua kupambana na hali hiyo: akaiacha treni makusudi, akachagua basi kuukuu kuliko yote stendi, akakaa siti ya nyuma juu ya tairi, akasubiri balaa. Tairi halikupasuka. Injini haikuchemka. Hata jirani yake hakukoroma. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu: alipanda, njiani hapakutokea kitu, alifika. Mwalimu akampa kumi juu ya kumi kwa ukweli, na sifuri kwa mengineyo. Kijana alihuzunika kama mtu aliyeibiwa.

Lakini treni nayo haikutuacha yatima kabisa. Mzee mmoja wetu, aliyezoea basi la saa mbili linaloondoka saa tatu, alifika stesheni kwa mwendo wa kistaarabu, akaikuta imekwenda. Kisa chake chote ni lawama: imekuwaje chombo cha abiria kiondoke saa iliyoandikwa bila kumuuliza mtu? Kisha, mwaka huohuo wa 2024, wakubwa wa reli wakatangaza kwamba kuna treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na waliotajwa kuhusika ni ngedere na bundi. Kijiwe kililipuka. Sisi tumenyimwa simba wa Mikumi, wao wameruhusiwa bundi? Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, halafu akarekebisha kanuni: mnyama anakubalika endapo ametajwa kwenye taarifa rasmi.

Ndipo fundi seremala akaleta kisa chake kikubwa. Alikuwa anarudi kutoka Iringa yeye na mkewe. Wamemaliza mteremko wa Kitonga, wamepita Ruaha Mbuyuni, basi likasimama watu wachimbe dawa. Fundi ni mtu wa haya, akaingia porini mbali kuliko wenzake. Alipotoka aliona vumbi. Simu iko kwenye siti, pochi iko kwenye siti, na viatu alikuwa amevivua, kavaa kandambili za mkewe, za rangi ya waridi. Akasimamisha lori la vitunguu, akapanda juu ya magunia, wakalifukuzia basi mpaka wakalikuta limepanga foleni mizani. Hapo, kwa mujibu wa karatasi, alishuka kishujaa, akalizuia basi kwa mkono mmoja na kumkaripia konda mbele ya abiria wote. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, akaandika, kwa sababu ya vitunguu.

Mwalimu akavua miwani. "Vitunguu vilikuwa vimekatwa?"

"Hapana Mwalimu, vilikuwa kwenye magunia."

"Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Andika upya hapo."

Fundi akahema, akaandika upya. Lakini kulikuwa na shahidi, tena kanuni haikukataza mke. Ilisema asiwe ndugu, na mkewe alisisitiza kwamba yeye ni mke, si ndugu. Akaulizwa swali moja tu: konda alipouliza kama wote wamo, nani alijibu? Mama akatazama chini, akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Aliyepaza sauti "Tupo, twende!" kuliko abiria wote alikuwa yeye. Filamu ilikuwa imefika patamu, na hakutaka ikatizwe tena.

Hakuishia hapo. Mwezi uliofuata alileta karatasi yake. Ni safari ileile, ila imeandikwa kutoka ndani ya basi. Anaeleza kwamba kuanzia Ruaha Mbuyuni alishangaa jinsi siti ilivyokuwa pana. Akanyoosha miguu. Akala mahindi yote mawili ya kuchoma. Akaegemea begi la mumewe, akalala bila mtu kumweleza jinsi dereva anavyokosea gia. Alipoamka mizani akaona mtu anabishana na konda nje, miguuni kavaa kandambili za waridi, akamwambia jirani yake, "Huyo kaka ana kandambili kama zangu." Tiketi mbili zimeambatanishwa. Shahidi, jirani wa siti, namba yake ya simu ilikuwepo na Mwalimu alipiga.

Jogoo alikwenda kwao jioni ileile, fundi ndiye aliyembeba. Jumapili tukaalikwa mchuzi, Mwalimu amekaa kwenye kiti kikubwa. Fundi alipewa shingo na bawa. Firigisi, ambayo kila mtu anajua ni ya mwenye nyumba, mama aliiweka kwenye sahani ya Mwalimu, akamkaribisha ale.