Kapu la Maembe

Wapo waandishi wa programu, hawa wa Java, wanaoamini kwamba kwa kuwa embe ni tunda, basi Kapu<Embe> nalo ni Kapu<Tunda>. Kompaila ikikataa, wanaguna. Haya, tuseme ingekubali. Unamkabidhi mwenzio kapu lako la maembe, yeye anaona la matunda tu, anatumbukiza fenesi. Fenesi si tunda? Nani atambishia! Kesho unapapasa embe lako, mkono unatoka na ulimbo.

Safu za Java ziliachiwa uhuru huo tangu mwanzo, ndiyo maana hulipuka programu ikiwa tayari kazini: ArrayStoreException. Jenariki zilipoingia na Java 5, mwaka 2004, zilikuja na dawa yake. Anayechota tu aandike “? extends Tunda”, anayetia tu, “? super Embe”. Somo la dakika kumi, hata kahawa haijapoa.

Bingwa wetu hana dakika kumi. Anafuta mabano, anabaki na Kapu tupu, onyo likitokea analiziba mdomo kwa @SuppressWarnings, kisha anajaza wasifu wake: mtaalamu mwandamizi. Ulimbo tutausugua sisi, usiku wa manane, kwa mafuta ya taa.